Garimoshi Lisilosema Liendako

Haya nilisimuliwa na Hedvika Rousova mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita, jikoni kwangu, tulipokuwa tunachambua manyoya ya bata bukini ya kujazia mfarishi wa mjukuu wangu anayeolewa. Kazi ile haitaki kicheko wala chafya, manyoya yatapaa mpaka darini, kwa hiyo ndiyo kazi inayofaa habari ya huzuni. Hedvika sasa amestaafu. Wakati ule alikuwa kapteni wa upelelezi mjini Jihlava, na kesi hii alikabidhiwa Jumanne, mwezi Novemba, siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini.

Bibi mmoja, Apolena Kadlecova, alikutwa amekufa kwa baridi kwenye benchi la kituo cha reli cha Zalesi. Kusema kituo ni kukipa heshima: kibanda cha mbao, benchi, na kibao kilichochubuka rangi. Treni zilikuwa zimeacha kupita pale miaka mingi. Bibi alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na mapajani alikuwa na kibebeo cha chakula, vile visufuria vya bati vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake mlikuwa na paja la bata, kabichi nyekundu, na matonge ya unga yaliyochemshwa na kukatwa vipande.

"Chakula cha mtu mzima mwenye njaa," alisema Hedvika. "Alikuwa anamngoja nani?"

Sajenti Pluhar wa kituo cha polisi cha pale alipangusa pua. "Mimi nasema muuza sufuria, Bibi Kapteni. Hao wanaozunguka kudanganya vikongwe. Anamwambia mama twende huku, nakuletea zawadi, kisha anatoweka."

"Aliiba nini?"

"Hakuiba kitu."

"Muuza sufuria asiyeiba na asiyeuza sufuria. Endelea."

"Basi ni mwanawe, Radim. Kijiji kizima kinasema hivyo. Bibi alikuwa amepotewa na akili, anatoka anatangatanga, ndiyo maana Radim alikuwa anamfungia. Jumamosi Radim alikwenda kupiga tarumbeta kubwa kwenye sikukuu, kijiji cha pili, huko nyuma ya kilima. Wote tulikwenda. Akasahau kufunga mlango. Dada yake ameshapeleka mashtaka. Mwendesha mashtaka anataka jalada Ijumaa."

"Wote mlikwenda? Hakubaki mtu Zalesi?"

"Alibaki mzee Klofac, mguu wake mbovu. Usimuulize huyo. Anasema alisikia garimoshi." Pluhar alicheka. "Mwaka jana alisikia vifaru vya Warusi."

Hedvika hakucheka. Theluji ilikuwa imeanguka usiku ule wa Jumamosi na ilikuwa bado haijayeyuka. Alishuka kutoka jukwaani, akainama, akaifagia theluji juu ya reli kwa glavu yake. Ubavuni reli ilikuwa na kutu nyekundu, nene kama ganda la mkate. Juu, pale gurudumu linapopita, iling'aa kama kijiko.

"Sajenti," alisema, "kwenu Zalesi kutu hujipangusa yenyewe?"

Pluhar aliangalia. Kicheko kikamkauka.

"Na kile kitambaa cha marehemu. Umeandika kilikuwa na vumbi jeusi."

"Kila nyumba hapa inachoma makaa, Bibi Kapteni. Hata mimi nina vumbi jeusi."

"Kitambaa cha kanisani? Angekitoa sandukuni kikiwa kichafu?"

Nyumba ya akina Kadlec ilikuwa karibu kabisa na reli, kwa sababu ilijengwa na shirika la reli zamani. Jikoni walikuwemo watoto wawili wa marehemu. Radim aliketi mezani, mtu mnene wa miaka hamsini, mwenye mikono ya kupasulia mbao na macho mekundu. Hakuwa amelala tangu Jumamosi. Jarmila, dada yake mkubwa aliyetoka Brno, alisimama dirishani akiwa bado na koti, kama mtu asiyetaka kukaribishwa.

"Uliondoka saa ngapi, Bwana Kadlec?"

"Baada ya chakula cha mchana. Mama alikula vizuri. Nikamlaza kwenye kochi."

"Ukafunga mlango."

"Nilifunga. Nadhani nilifunga." Alitazama kiganja chake. "Nimeulizwa mpaka mkono wangu mwenyewe siuamini, Bibi Kapteni."

"Unaona?" alisema Jarmila kutoka dirishani. "Anadhani! Mama yake mzazi, naye anadhani! Kwa sababu ya lile bomba lake la kupulizia!"

"Jarmila, nilirudi nikaukuta umefungwa."

"Ulifunga baadaye, ulipoona hayumo. Mimi sikuzaliwa jana."

"Nilimtafuta usiku kucha! Na wazima moto wote!"

"Bwawani! Mlimtafuta bwawani!"

Radim alijifunika uso. "Kila mara alikuwa anaelekea bwawani, Bibi Kapteni, au kanisani. Kituoni hakuwahi kwenda hata siku moja. Nani angekwenda huko? Hakuna kitu huko."

Hedvika aliwaacha wagombane, akazunguka jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa yenye maji yaliyopoa, yenye utando wa unga. Mezani, pembeni ya ubao, ulikuwepo uzi mweupe wenye punje za unga uliokauka. Kwetu tonge la unga halikatwi kwa kisu, linabonyea. Linakatwa kwa uzi.

"Matonge alikanda nani?"

"Mimi," alisema Radim. "Mawili tulikula mchana. Mawili niliyaacha mabichi chini ya kitambaa, ya jioni."

"Kwa hiyo mama yako hakukanda kitu. Aliyatia majini tu."

"Hata hilo sielewi. Jiko hajaligusa miaka miwili. Alikuwa hajui kijiko ni cha nini."

Hedvika alirudi nyuma hatua moja akautazama ukuta wa upande wa reli. Makoti yalining'inia pale, manne au matano, ya zamani, moja la kazi lenye vifungo vya shaba. Alipitisha mkono nyuma ya makoti. Akagusa mbao, kisha chuma. Akayainua makoti yote kwa pamoja kama pazia.

Palikuwa na mlango. Komeo lake lilikuwa limevutwa. Aliusukuma kwa kidole nao ukafunguka bila kelele, na baridi ikaingia, na reli ilikuwa pale pale mbele.

Radim aliinua kichwa.

"Huu... huu mlango wa baba," alisema Radim. "Tangu afe haujafunguliwa. Mimi nilishasahau kwamba ni mlango. Nilikuwa naona makoti tu."

"Mama yako alipokuwa akitangatanga, aliwahi kuujaribu?"

"Hata mara moja. Alikuwa anatikisa ule wa uani mpaka mkono unavimba. Huu, kamwe."

"Kwa nini?"

Ni Jarmila aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa sababu huu ulifunguliwa baba anaporudi tu. Baba alikuwa dereva wa garimoshi. Mama ndiye aliyeufungua, na si kabla."

Hedvika aliyaachia makoti. Mtu asiyejua kijiko alikuwa ametia matonge majini, akayatoa kwa wakati wake, akayakata kwa uzi, akapanga chakula, akavaa koti la kanisani, akavuta komeo. Hayo hayafanywi na mtu anayetangatanga. Hayo hufanywa na mtu aliyeitwa.

"Bwana Kadlec," alisema, "lala kidogo."

"Nikifumba macho namwona kwenye benchi."

Ofisi ya reli ya mkoa haikutaka kusema kwanza, kisha ikasema: ndiyo, njia ile iliazimwa kwa siku moja. Kiliiazima chama cha wapenzi wa magarimoshi ya kale, na mwenyekiti wake ni Bwana Evzen Tichy, mwalimu mstaafu wa jiografia. Hedvika alimkuta kwenye banda lao, mzee mdogo mwenye tai ya upinde, akipaka gundi picha za Jumamosi kwenye ubao.

"Safari yenu ya Jumamosi ilikwenda wapi?"

"Hilo siwezi kusema," alisema Tichy, akafurahi.

"Bwana Tichy. Treni imekwenda na imerudi."

"Ndiyo, lakini mshindi bado hatujamtangaza! Ni Safari ya Kusikojulikana, Bibi Kapteni. Mtu anakata tiketi, anafunga nyama yake ya kukaanga ndani ya mkate, anapanda, na hajui anakopelekwa. Behewa zima linabishana njiani. Yule aliyekisia sawa mwaka jana alipewa kuvuta kamba ya mluzi."

"Wanaokaa kando ya reli mliwaambia?"

"Hao ndio hasa hatuwaambii!" Alinyanyua brashi ya gundi. "Mwaka juzi mpokea tiketi wetu mmoja alimnong'oneza shangazi yake. Tunafika, shangazi yuko jukwaani na keki, na watoto wa shule wanaimba, na meya. Wasafiri wakasema sisi matapeli. Nikaapa: safari hii hata padri wa Zalesi asijue. Vivukoni, pale barabara inapokata reli, tulisimama, mtu akashuka na bendera nyekundu, kila kitu kwa utaratibu. Na unajua, hatukukutana na mtu hata mmoja! Nchi tupu kabisa. Tukaenda mpaka darajani, mwisho wa reli, tukanywa supu, tukarudi jioni. Safari nzuri kuliko zote."

"Kulikuwa na mtu mmoja," alisema Hedvika, akamweleza.

Mwalimu aliweka brashi chini. Ikanata kwenye picha naye hakuiona.

"Nani alichagua njia ile?"

"Dereva. Mzee Vendelin Hromada. Aliniomba yeye mwenyewe. Alisema, nipitishe pale mara moja kabla hawajaing'oa."

Hromada alikuwa nyuma ya banda, chini ya injini nyeusi, anapangusa mikono ya chuma inayosukuma magurudumu kwa kitambaa chenye mafuta. Mtu mrefu, mabega mapana, nyusi zimeungua nusu kwa moto wa tanuri. Hakusimama alipoona kitambulisho.

"Kama ni moshi, nguo za watu zikichafuka, nitafua mwenyewe."

"Si moshi. Ulipiga mluzi Zalesi?"

"Kivukoni. Ni sheria."

"Na baada ya kivuko?"

Hromada aliendelea kupangusa mahali ambapo palikuwa pameshang'aa.

"Mzee Hromada. Baada ya kivuko, palipo na nyumba."

"Hiyo si sheria," alisema mwishowe. "Hiyo ni salamu. Mimi nilikuwa mtia makaa wa Bohumil Kadlec, ujana wangu wote. Nyumba ile ilikuwa yake. Zamani kila dereva alikuwa na mluzi wake wa nyumbani, unaelewa? Unapokaribia kwako unaupiga, mke anasikia, anatia matonge majini. Dereva akishapeleka injini bandani, akanawa, akatembea, yameiva. Wangu mimi mke wangu hakuusikiliza, alikuwa ananipa mkate." Alitabasamu kidogo. "Lakini Apolena! Wa Bohumil ulikuwa mrefu mmoja, mifupi miwili, na mwisho kadogo kama chafya. Na siku tukichelewa, tusipoweza kushuka, alikuwa anakuja kituoni na chakula, anakipitisha dirishani injini ikiwa inatembea. Cha watu wawili. Hakunisahau hata mara moja."

"Jumamosi uliupiga huo."

"Niliupiga. Niliona mapazia yamefungwa, nyumba imekufa. Nikasema moyoni, wazee wangu, popote mlipo, Vendelin anapita. Kuna kosa gani kuwapigia wafu?"

Hedvika alifungua mfuko wake, akatoa kile kibebeo cha chakula, akakiweka juu ya benchi la vyuma. Hromada akasimama sasa. Akakichukua, akakigeuza, akaweka kidole gumba kwenye bonyeo lililokuwa ubavuni.

"Hili bonyeo nililifanya mimi. Kiliniponyoka kikaanguka kwenye makaa. Umekitoa wapi?"

"Alikuwa nacho mapajani."

"Nani?"

"Apolena."

"Apolena alikufa, mama."

"Alikufa Jumamosi."

Mzee alimtazama. Kitambaa cha mafuta kilikuwa bado mkononi.

"Nani alikwambia kwamba alikufa zamani?" Hedvika aliuliza taratibu.

"Hakuna aliyeniambia. Nilimpelekea kadi ya Krismasi mwaka ule baada ya mazishi ya Bohumil, hakujibu. Mwaka uliofuata, hakujibu. Kwetu sisi mtu asiyejibu kadi ya Krismasi..." Hakumaliza.

"Alikuwa amesahau kuandika. Mluzi hakuusahau."

Hromada alikaa juu ya kipandio cha injini. Hedvika alikuwa na swali moja zaidi, na aliniambia kwamba katika kazi yake yote hilo ndilo swali ambalo angependa kulimeza. Lakini bila jibu lake Radim alikuwa anakwenda mahakamani.

"Mliporudi, jioni. Kulikuwa na mtu kwenye benchi?"

"Kulikuwa na mtu," alisema Hromada. "Theluji ilikuwa inaanza. Tulikuwa tunarudi kinyumenyume, mimi niko upande wa pili. Mtia makaa wangu, kijana mzuri, akasema, mzee, kuna bibi pale ana kitambaa cheupe, ametoka kututazama. Nikamwambia mpungie mkono basi. Akampungia."

"Na yeye?"

"Akainua kile alichokuwa nacho mapajani. Kijana akasema, anatuonyesha kitu. Nikasema, wazee hupenda magarimoshi." Alikiweka kibebeo chini kwa uangalifu, kama chenye supu. "Alikuwa ananipa chakula. Nami nikapita."

Nje theluji ilianza tena. Hedvika alimwambia atahitaji maelezo hayo kwa maandishi, maana Radim alikuwa anashtakiwa kwa kuacha mlango wazi, na kwamba hakuna sheria aliyoivunja, yeye wala kijana wake.

"Sijakuuliza sheria," alisema Hromada. "Nipeleke kwa mtoto wa Bohumil."

"Si lazima."

"Anaambiwa alimwachia mama yake mlango wazi. Nitamwambia nani alimtoa. Nitamwambia mimi."

Basi wakaenda, na njiani Hedvika akamweleza habari ya ile milango miwili. Haikuwa usiku, ilikuwa jioni tu, lakini Novemba kwetu giza halingoji mtu. Radim alikuwa bado pale pale mezani na Jarmila bado dirishani. Hromada alivua viatu mlangoni, akasimama katikati ya jikoni na soksi zake, kofia mkononi, akasema yote, tangu njia aliyoiomba mpaka mkono uliopungwa. Hakujitetea hata neno. Mwisho akasema: "Mlango wa uani ulifungwa, Radim. Ulifunga. Alitoka kwa mlango wa baba yako, na aliyemfungulia ni mimi."

Radim aliinuka. Pluhar, aliyekuja nao na kubaki kizingitini, alisogea mbele, maana Radim alikuwa mtu mwenye nguvu. Lakini Radim alisema tu, "Ulikuwaje?"

"Nini?"

"Mluzi. Nilikuwa mdogo. Nilikuwa nausikia nikiwa kitandani. Nimesahau ulivyokuwa."

Mzee alilowesha midomo. Mara ya kwanza haukutoka mluzi, ilitoka pumzi tu. Mara ya pili akaupiga, kwa sauti ndogo, kwa meno: mrefu mmoja, mifupi miwili, na kadogo kama chafya.

Radim aliketi. Alilaza kichwa juu ya mikono yake mezani, na wote walidhani analia. Alikuwa amelala. Alilala vile vile kama anavyolala mtoto aliyehakikishiwa kwamba baba yuko njiani.

Jarmila alimtazama mdogo wake. Kisha alivua koti, akalitundika pamoja na yale mengine, juu ya ule mlango. "Sajenti," alisema, "yale mashtaka yangu nitakuja kuyafuta kesho." Akachukua unga, akakanda, akatia matonge majini. Yalipoiva aliyakata kwa uzi wa mama yake, akaweka sahani ya kwanza mbele ya Hromada. "Kula, mjomba."

"Siwezi, binti yangu."

"Mama alitembea na chakula chako mpaka kituoni. Kula."

Akala. Machozi yalimdondokea sahanini naye akala mpaka kipande cha mwisho.

Theluji ilifunga barabara, kwa hiyo Pluhar alikwenda kwao kwa miguu na Hedvika akapewa chumba cha nyuma. Jarmila alilala kwenye kochi la mama yake. Hromada alikataa kitanda; alisema mtu lazima aangalie moto, na hiyo ndiyo kazi anayoijua. Hedvika alikaa na karatasi zake akiandika maelezo ya Ijumaa, na kupitia ukutani alikuwa anasikia kifuniko cha jiko kikifunguliwa, koleo likiingia, kifuniko kikifungwa. Kila baada ya kitambo, hivyo hivyo. Halafu kikafunguliwa na kufungwa, na hakikufunguliwa tena. Alitega sikio mpaka akawa na hakika kwamba mzee amelala. Ndipo akazima taa, naye akalala.